Siku, Soko, Sufuria: Kupanga Mlo wa Ibada Katika Nyumba ya Kihindu



Mdogo wetu mmoja wa Kihonda ameniletea swali ambalo najua linawasumbua wengi hapa Morogoro. Amepata kazi ya kupika katika nyumba ya familia ya Kihindu mjini. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, ana mahali pake pa sala, na kila mchana chakula hupelekwa kwanza mbele ya Mungu kabla mtu yeyote hajala. Nyama haiingii humo, wala samaki, wala mayai, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu. Anasema: “Dada, kila asubuhi nasimama jikoni sijui nianzie wapi. Nikipika dengu leo, kesho nipike nini? Na kuna siku naambiwa hata wali hauliwi.”

Mwingine yuko Kilakala. Jirani yake ni Mhindu, wamesaidiana miaka, na sasa anataka kumwalika yeye na mama mkwe wake waje wale mchana. Anaogopa asije akawawekea kitu ambacho hawawezi kukigusa.

Nawajibu wote wawili pamoja kwa sababu jibu lenu ni moja. Mlo wa ibada hauanzi kupangwa kwenye sufuria. Unaanza na siku, unakwenda sokoni, ndipo unaingia jikoni. Siku, soko, sufuria. Ukishika mpangilio huo, hofu itaisha na kazi itakuwa nyepesi. Ukianza na mapishi, utakuwa unakimbizana na kila siku inayokuja, na kila siku itakushinda.

Kwanza mjue unayempikia

Katika nyumba ya Mhindu mcha Mungu, mlaji wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Sahani ya kwanza hupakuliwa, huwekwa mbele ya sanamu au picha takatifu, sala husomwa, na baada ya muda sahani huondolewa. Chakula kile sasa kinaitwa prasadi, maana yake kimekubaliwa na kimerudi kikiwa na baraka, na ndipo familia hula. Mambo yote mengine yanatoka hapo. Ndiyo sababu mpishi huoga kabla ya kuwasha jiko. Ndiyo sababu haonji. Ndiyo sababu kiporo cha jana hakipelekwi mbele ya Mungu leo.

Msidhani kwamba ukubwa wa ibada ni wingi wa vyakula. Kitabu chao kitukufu, Bhagavad Gita, katika sura ya 9 kinataja jani, ua, tunda na maji kuwa sadaka ya kutosha ikitolewa kwa upendo. Sura ya 17 inagawa vyakula katika makundi matatu: vile vinavyoleta utulivu na afya, vile vikali vinavyochemsha mwili, na vile vilivyochacha au kulala vinavyomletea mtu uzito. Mlo wa ibada hutoka katika kundi la kwanza. Kitunguu maji na kitunguu saumu vimeachwa nje kwa sababu huhesabiwa kuwa huamsha mwili na kuivuruga akili inayotaka kutulia katika sala.

Na mjue kutofautisha, maana hapa kwetu watu huchanganya. Si kila Mhindi ni Mhindu. Tangu reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, na hata kabla yake, watu wenye asili ya India wamekuwa na maduka katika miji yetu, na kati yao wako Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri, ambao ni Waislamu, wako Singasinga, wako Wagoa Wakatoliki. Kila mmoja ana meza yake. Hata Wahindu wenyewe hawafanani. Wafuasi wa Swaminarayan na wacha Mungu wengi wa Krishna hawagusi kitunguu kabisa. Wengine hula kitunguu siku za kawaida na kukiacha siku za mfungo tu. Wako pia Majaini, ambao wengi wao hawali chochote kinachong'olewa ardhini: viazi, karoti, magimbi, hata tangawizi mbichi. Kwa hiyo swali la kwanza la mpishi ni hili: “Mama, humu ndani hamli nini?” Kuuliza si ujinga. Andika majibu kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Siku

Tafuta kalenda ya Kihindu. Nyumba nyingi zinayo ukutani, na ile ya Kigujarati huonyesha mifungo yote ya mwaka. Kama huwezi kuisoma, keti na mwenye nyumba mwanzoni mwa mwezi akuwekee alama kwenye kalenda yako ya kawaida. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo inakuokoa mwezi mzima.

Alama ya kwanza ni Ekadashi, siku ya 11 tangu mwezi uandame, na tena siku ya 11 tangu mwezi mpevu. Huja mara mbili katika kila mwezi wa Kihindu. Siku hiyo wacha Mungu wa Vishnu na Krishna hawali nafaka wala jamii ya kunde. Hakuna wali, hakuna ngano, hakuna mahindi, hakuna dengu, choroko, mbaazi wala maharage. Wengine hawali kitu chochote, wengine hunywa maziwa na kula matunda, na wengine hula mlo kamili wa viazi, mihogo, ndizi na karanga. Hii ndiyo siku inayomshangaza mdogo wangu wa Kihonda. Ukiijua mapema haina mshangao wowote.

Alama ya pili ni siku za juma. Wengi hufunga Jumatatu kwa ajili ya Shiva na kula mara moja tu. Wengine hufunga Jumanne au Jumamosi kwa ajili ya Hanuman. Wanawake wanaofunga Ijumaa kwa Santoshi Mata hawagusi kitu kichachu siku hiyo, hivyo ndimu, ukwaju na mtindi hubaki kabatini. Kitu kidogo kama kukamulia ndimu kwenye mboga kinaweza kumharibia mama wa watu mfungo wake.

Alama ya tatu ni sikukuu na majira. Kuna Mahashivaratri kati ya Februari na Machi. Kuna Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, Agosti au Septemba. Kuna Navratri, siku tisa za mama mtukufu, ambapo wengi hawali nafaka, na baada yake Diwali, Oktoba au Novemba. Kuna miezi minne ya Chaturmasi, kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba au Novemba, ambamo familia nyingi huongeza masharti, na baadhi huacha hata biringanya. Na siku ya mwezi mpevu nyumba nyingi husomesha kisa cha Satyanarayan, na hapo lazima pawe na shira: semolina iliyokaangwa kwa samli, ikapikwa kwa maziwa, sukari na ndizi mbivu.

Ukishamaliza kuweka alama, utaona kwamba kalenda imekupangia karibu theluthi ya mwezi. Kilichobaki ni siku za kawaida, nazo ni rahisi.

Soko

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, wadogo zangu, kwa sababu nawaona mkipoteza hela. Mkisikia chakula cha Kihindu mnadhani lazima mtu aagize Dar, Mtaa wa Kisutu kwenye mahekalu na maduka yao, alete paketi za rangirangi. Sivyo. Anayepika mlo wa ibada Morogoro amebarikiwa kuliko wapishi wengi, kwa sababu Milima ya Uluguru inamshushia mahitaji kila alfajiri.

Chukua mbaazi. Mchuzi unaopikwa karibu kila siku katika nyumba za Wagujarati, ule wa njano wenye utamu na uchachu kidogo, ni wa mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Ni mbaazi hizi hizi zetu. Wakulima wa Tanzania wamezisafirisha kwenda India kwa miaka mingi, na India ilipoweka ukomo wa kuzinunua kutoka nje, Agosti 2017, bei iliporomoka huku kwetu na watu wakabaki na magunia ndani. Kwa nini basi ununue paketi iliyozunguka bahari, wakati mbaazi ziko sokoni? Loweka, kausha, saga kwa mashine au kwa jiwe, pepeta maganda. Tayari.

Chukua muhogo. Zile punje nyeupe za sabudana ambazo Wahindu hupikia siku ya mfungo zinatengenezwa India kwa wanga wa muhogo. Muhogo wenyewe uko Mkuyuni na Matombo, mbichi, mtamu, na siku ya Ekadashi unaliwa bila shaka yoyote.

Mboga za baridi zinatoka Mgeta: kabichi, karoti, njegere, viazi, koliflawa. Ndizi za kila aina, mafenesi na magimbi huteremka kutoka upande wa Kinole na vijiji vya mashariki ya mlima. Huko huko, Matombo na Tawa, kuna pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, viungo ambavyo jiko la Kihindu haliwezi kukaa bila kuwa navyo. Mchele ni wa Dakawa au Kilombero. Sukari inatengenezwa Mtibwa na Kilombero. Nenda Soko la Chifu Kingalu asubuhi, siku ambayo magari ya mlimani yameshusha, na chagua mwenyewe. Chakula cha kumtolea Mungu hakichaguliwi kwenye fungu la mwisho. Tunda lisiwe na doa, mboga isiwe imenyauka.

Mboga zetu za kienyeji zinaingia vizuri kabisa. Mumunye changa ni mboga ya heshima kwao. Dodoki, bamia, karela, mchicha, boga na majani yake, fenesi changa ambalo halijaiva, vyote wanavijua na wanavipenda. Uliza tu kuhusu uyoga, maana wengi hawautoi mbele ya Mungu.

Masika yakishika, Machi mpaka Mei, njia za mlimani huwa tope na mboga za Mgeta hupanda bei. Msimu huo usishindane na koliflawa. Rudi kwenye nafaka kavu, maboga, matembele na mchicha wa bondeni. Weka akiba ya dengu, choroko na mbaazi kwenye ndoo zenye vifuniko, zikiwa zimekaushwa vizuri juani.

Vinavyobaki vya kununua dukani ni vichache: haradali nyeusi, binzari nyembamba, manjano, uwatu, unga wa dengu, samli, chumvi ya mawe kwa siku za mfungo, na mvuje. Mvuje ndio unaoshika nafasi ya kitunguu. Ni utomvu mkavu wa mmea wa huko Iran na Afghanistan, una harufu kali ukiwa mbichi, lakini ukigusa samli ya moto harufu hugeuka na mchuzi hupata kina. Tahadhari moja: mvuje mwingi wa kopo umechanganywa na unga wa ngano. Siku ya Ekadashi huo haufai.

Na soma kila paketi. Vidonge vingi vya supu vina kuku au ng'ombe, na vingi vina kitunguu. Bizari nyingi za paketi zimetiwa kitunguu saumu. Keki nyingi na baadhi ya biskuti zina mayai. Jeli nyingi hutokana na mifupa na ngozi za wanyama. Baadhi ya jibini zimegandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Njia salama ni kusaga viungo vyako na kugandisha maziwa yako.

Sufuria

Jiko la ibada lina adabu yake. Oga, vaa nguo safi, funga nywele, kata kucha, simu iache chumbani. Sufuria, miko, kisu na ubao viwe ambavyo havijawahi kugusa nyama wala samaki. Mafuta yawe mapya, yasiwe yaliyokaangia dagaa. Kama mwenye nyumba amekutengea vyombo, viweke kabati lake peke yake.

Kinachowatia watu hofu zaidi ni kutoonja. Mtapimaje chumvi? Kwa kijiko. Mlo wa ibada unamfundisha mpishi kupima, na mpishi anayepima hakosei mara mbili. Vipimo vyangu ni hivi: mchuzi wa vikombe sita vya maji, vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, mboga kilo moja, kijiko kimoja na nusu, mchele vikombe vitatu, kijiko kimoja na nusu. Tumia kijiko kile kile na kikombe kile kile siku zote. Familia ikisema chumvi ni kali au pungufu, badilisha robo kijiko, uandike.

Kwa kuwa kiporo hakitolewi, pima pia wingi. Kwa watu sita, mchana: mchele vikombe vitatu, mbaazi zilizopasuliwa kikombe kimoja na nusu, mboga kilo moja, na unga wa ngano nusu kilo, ambao unatoa roti nyembamba kama 18. Wakiomba zaidi, utaongeza kesho.

Sasa twende hatua kwa hatua na mchuzi wenyewe. Osha mbaazi mpaka maji yawe meupe, loweka nusu saa. Chemsha kwa vikombe sita vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano mpaka punje zipondeke zenyewe ukizigusa kwa mwiko. Zipige mpaka ziwe laini kama uji mwepesi. Tia nyanya mbili zilizokatwa, tangawizi iliyoparuzwa, pilipili mbichi moja iliyopasuliwa, kipande cha sukari guru na maji ya ukwaju, pamoja na chumvi uliyopima. Acha ichemke taratibu dakika 15. Pembeni, pasha vijiko viwili vya chakula vya samli. Tia nusu kijiko cha haradali na usubiri: zitaanza kurukaruka na kulia, ukitia viungo vingine kabla hazijanyamaza mchuzi utakuwa mchungu. Zikinyamaza tia nusu kijiko cha binzari nyembamba, mvuje unaoshikika kwa ncha za vidole viwili, na majani ya mchuzi. Mara tu binzari inapobadilika rangi, mimina yote kwenye sufuria ya mbaazi na ufunike haraka ili harufu isipotee. Maliza kwa kotimiri.

Kabla hujampakulia mtu, pakua sahani ya Mungu. Sahani hii na bakuli zake ndogo ni za kazi hiyo tu, binadamu hali humo. Weka wali kidogo, mchuzi, mboga, roti iliyopakwa samli, kitu kitamu, na glasi ya maji. Kama ni Krishna au Vishnu anayetolewa, jani la tulsi huwekwa juu. Huo ni mmea wa ukoo mmoja na mrihani, na nyumba nyingi huupanda kwenye chungu mlangoni. Ganesha hatolewi tulsi, kwa hiyo mwachie mwenye nyumba aweke mwenyewe. Yeye ndiye atakayesoma sala na kupiga kengele. Wewe usiguse sufuria muda huo. Ikishaondolewa, chakula cha sahani kinagawanywa kwa wote, au kinarudishwa kuchanganywa na kilichobaki, na hapo mnaweza kula.

Juma zima mezani

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hivi ndivyo ningepanga milo mikuu ya mchana katika juma lisilo na Ekadashi:

Jumatatu: kichri, yaani mchele na choroko zilizopasuliwa vikipikwa pamoja mpaka vilainike, na kadhi, mchuzi mwepesi wa mtindi na unga wa dengu. Kabichi ya Mgeta iliyokaangwa kwa haradali na manjano. Tumbo linapumzika, na anayekula mara moja kwa ajili ya mfungo anashiba.

Jumanne: wali, mchuzi wa mbaazi, bamia kavu, roti.

Jumatano: choroko nzima na tangawizi, mumunye na nyanya, roti, kachumbari ya tango na karoti iliyokamuliwa ndimu.

Alhamisi: dengu nzima na mchicha, wali wa binzari nyembamba, mtindi.

Ijumaa: mbaazi bila ukwaju, boga lililopikwa kwa uwatu na sukari guru, roti. Hakuna kichachu.

Jumamosi: fenesi changa au biringanya na viazi, mkate wa uwele wenye samli, na maziwa ya mtindi yaliyopigwa kwa binzari nyembamba.

Jumapili: njegere na paneer, wali, mchuzi wa mbaazi, puri, yaani vichapati vya kukaanga, na shira. Paneer ni maziwa lita moja yaliyochemshwa, yakakatwa kwa ndimu, yakachujwa kwa kitambaa na kukandamizwa chini ya kitu kizito. Utapata kama gramu 150 hadi 200.

Siku ya Ekadashi, ondoa yote hayo. Chemsha kilo moja na nusu ya muhogo au viazi, kata vipande. Kwenye samli tia binzari nyembamba, tangawizi, pilipili mbichi, kisha kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Changanya na muhogo, tia chumvi ya mawe, kamulia ndimu, nyunyiza kotimiri. Pembeni weka ndizi mbivu, papai, na mtindi wenye tango. Nyumba nyingine huacha pia manjano na haradali siku ya mfungo, kwa hiyo mpaka uulize, kwa viungo vikavu tumia binzari nyembamba na pilipili manga tu.

Jambo la afya nalo lisisahaulike. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kama gramu 22, na choroko kama 24, hivyo mtu anayekula jamii ya kunde kila siku hapungukiwi. Ila vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na nyumba isiyokula mayai inaitegemea kwenye maziwa na mtindi. Usiache siku ipite bila kimojawapo, hasa kama kuna mjamzito au mzee. Madini ya chuma ya mchicha na dengu hufyonzwa vizuri zaidi ukitia ndimu, na hufyonzwa vibaya ukinywea chai mezani. Chai isubiri saa moja.

Kwako wa Kilakala

Mdogo wangu, nia yako ni njema na mwalike tu. Lakini kabla ya siku, mwendee mama mkwe, si jirani yako peke yake. Yeye ndiye mwenye masharti makali, na ataona umemheshimu. Mwambie: “Mama, natamani mje kwangu mchana. Nifundishe, mnakula nini na siku gani inawafaa?” Hapo utajua kama siku uliyochagua ni Ekadashi, na kama anaweza kula kilichopikwa nje ya nyumba yake. Wako wazee ambao hawali mapishi ya mtu mwingine hata awe ndugu yao, na hilo si chuki juu yako. Ni nadhiri yao. Akiwa mmoja wao, mwandalie matunda mazima ayakate mwenyewe, karanga, nazi, na maziwa.

Kama anakula, nunua sufuria mbili mpya na mwiko. Havitapotea, vitakuwa vyombo vya wageni wasiokula nyama. Pika machache yaliyo safi: wali, mbaazi za nazi bila kitunguu, mchicha, chapati za samli. Mbaazi za nazi ni chakula chetu na ni chakula chao, hakuna atakayejiona mgeni.

Na dhamiri yako, wewe mpishi

Najua wengi wenu ni Wakatoliki wa Matombo na Mgeta, wengine Waislamu, na mnajiuliza kama kupika chakula hiki kunawagusa katika imani yenu. Ushauri wangu ni huu. Kupika ni kazi ya mikono yako, na usafi na uaminifu ni ibada katika dini zote. Kutoa sadaka ni kazi ya mwenye nyumba. Hakuna mwenye busara atakayekulazimisha usome sala yake. Ukipewa prasadi na dhamiri yako inakubali, ipokee kwa mkono wa kulia na ule bila kuangusha. Kama haikubali, sema mapema, kwa upole, mkiwa wawili. Usichukue ukaitupe kwenye pipa. Hiyo ni dharau, na itaonekana.

Ziko pia nyumba ambazo mwanamke aliye hedhini haingii jikoni wala mahali pa sala, na nyingine hazina sharti hilo. Zungumzeni mwanzoni kabisa, mwanamke kwa mwanamke, mkubaliane siku hizo utafanya kazi gani nyingine, na mshahara usikatwe.

Nanyi mama wenye nyumba mnaosoma kona hii, nina neno kwenu pia. Binti anayewapikia hawezi kuheshimu sharti ambalo hamkumweleza. Mwelezeni sababu, msimpe amri tu. Mwonyesheni kalenda. Na mtoto wa watu akipika tangu saa kumi na mbili asubuhi, apewe prasadi naye akiwa ameketi, kama wengine. Kwa kawaida siku inayofuata Diwali mnasherehekea Annakut, mnaweka mlima wa vyakula mbele ya Krishna kwa kumkumbuka alivyouinua mlima Govardhan kuwakinga watu na ng'ombe wao na mvua. Milima yetu ya Uluguru inawalisha ninyi na sisi, na maji yake ya Ruvu yanawanywesha watu mpaka Dar es Salaam. Vyakula vya Annakut hiyo vitoke kwa wakulima wa mlima huu, na walipwe bei ya haki.

Basi, mdogo wangu wa Kihonda, kazi yako ya juma hili ni moja. Kaa na mama, wekeni alama za mwezi mzima, andika vipimo vya chumvi, kisha Jumamosi nenda sokoni mapema na kikapu. Ukifanya hivyo, Jumatatu utaingia jikoni ukijua unachopika, kwa ajili ya nani, na kwa nini.